Umeacha samaki Tanga hii? Hebu tuongee chai, magadi na B12

Shangazi yangu wa Muheza alipopata habari kwamba nimeacha nyama, samaki, mayai na maziwa hakuuliza kama naumwa, aliuliza nimerogwa na nani. "Wee, Tanga hii unaacha samaki? Sasa unakula nini, mawe?" Nikamwamkia shikamoo shangazi, akaitikia marahaba harakaharaka akaendelea palepale alipoachia, kwamba ntakonda, nywele zitanyonyoka, damu itaniisha na nikizaa mtoto atatoka hana mifupa. Nilicheka, ila nilipokata simu nikakaa nikaona huyu mama kakosea mengi lakini sio yote, tena yale machache aliyopatia ndio yale ambayo wanaoacha nyama hawaambiwi, wanaambiwa tu kula majani mwanangu utapona kila kitu.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini, maana kutokula wanyama ni jambo moja na kula mimea ikiwa nzima ni jambo lingine. Chipsi ni mimea, soda ni sukari ya miwa, maandazi ya unga mweupe yaliyokaangwa kwenye alizeti nayo mimea mitupu, na mtu anaweza kushinda na chipsi kavu na soda asubuhi mpaka usiku akasema yeye hali mnyama na akawa hajasema uongo, ila mwili wake unalia njaa na tumbo limejaa. Mimi naongelea chakula ambacho hakijakobolewa wala kuchujwa sana, dona badala ya sembe, maharage, kunde, choroko, mbaazi, dengu, njugu mawe, karanga, ufuta, ulezi, viazi, mihogo, magimbi, mboga za majani na matunda. Ukiiangalia hiyo orodha ni soko la Mgandini tu hilo asubuhi, wala huhitaji kwenda supamaketi kununua vitu ambavyo huwezi hata kutamka majina yake.

Kuhusu kukoboa kuna kisa nakipenda sana. Miaka ya 1890 daktari mmoja Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikua kisiwani Java anachunguza beriberi, ule ugonjwa ambao mtu miguu inakufa ganzi na moyo unachoka. Akaona kuku wa pale kazini kwake wanapata kitu kinachofanana na huo ugonjwa, kumbe walikua wanalishwa wali mweupe, walivyorudishiwa mchele usiokobolewa wakapona. Yaani kilichokua kinaondoka na pumba ndio vitamini B1, na mwaka 1929 akapewa tuzo ya Nobel. Sasa fikiria mashine zetu za kusaga, tunakoboa mahindi, pumba na kiini tunawapelekea kuku na ng'ombe, sisi tunabaki na wanga mweupe wa kupendeza machoni, alafu tunamla kuku ili tupate virutubisho. Mzunguko mrefu wa nini?

Haya, protini. Hili ndio swali la kila mtu na ndio lisilo na uzito mkubwa kama watu wanavyodhani. Mtu mzima anahitaji kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili, kwaiyo mwenye kilo 60 ni gramu 48 kwa siku. Vikombe viwili vya maharage yaliyoiva vinakupa karibu gramu 30, dona robo kilo inakupa nyingine kama 20, hapo hujagusa karanga wala kisamvu na umeshafika. Watu husema protini ya mimea haijakamilika, na kuna ukweli ndani yake, nafaka zimepungukiwa na laisini ambayo ni tofali mojawapo la kujengea mwili, na jamii ya kunde ina laisini tele ila inapungukiwa na tofali lingine linaitwa methionini. Ukivila vyote viwili kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Ndio makande hayo! Ndio wali maharage, ndio barazi, zile mbaazi za nazi, na mahamri. Wala sio lazima viwe sahani moja, ilimradi ndani ya siku vyote vimepita. Anayepata tabu ya protini kwa kweli ni yule anayekula bada, ule ugali wa muhogo, asubuhi na jioni kwa kitoweo cha kulambia tu, maana muhogo ni wanga karibu mtupu, hapo hata mimi nakubaliana na shangazi.

Lakini damu. Hapa nataka nikae kidogo maana hapa ndipo watu wa pwani tunapojiangusha wenyewe, na sio kwa kukosa nyama.

Madini chuma yako ya aina mbili. Ya kwenye nyama na samaki yana njia yake maalum kwenye utumbo, yanapita kama mwenye nyumba. Ya kwenye mimea yanapiga hodi, na kufunguliwa au kutofunguliwa kunategemea yamekuja na nani. Yakija na vitamini C mlango unafunguka, kunyonywa kunaweza kuongezeka mara mbili au tatu. Yakija na chai yanageuziwa njiani. Kikombe kimoja cha chai ya rangi pamoja na chakula kinaweza kupunguza zaidi ya nusu ya madini chuma ambayo mwili ungeyachukua kwenye hicho chakula, kwasababu ile rangi na ule ukakasi wa chai unayashika madini na kutoka nayo. Kahawa nayo hivohivo japo kidogo afadhali.

Sasa angalia staftahi ya Tanga. Barazi na mahamri, mbaazi zenye chuma chake kizuri kabisa, alafu pembeni chai ya rangi ya iliki, sio kikombe, ni birika. Mchana maharage na chai. Jioni uji au chai tena. Mtu anakula mbaazi miaka yote na damu yake iko chini, anaambiwa ale maini, kumbe mwizi yupo mezani na tumemkaribisha wenyewe kwa iliki na mdalasini wa milima ya Amani! Mimi sisemi uache chai, nani ataacha chai huku, nasema ihamishe. Kula kwanza, chai ije baada ya muda wa saa moja na nusu au masaa mawili. Na hapo kwenye chakula weka chungwa. Jamani tunakaa jirani na Muheza, msimu ukifika machungwa yanarundikwa barabarani kama mawe ya kujengea, na sisi tunakula maharage makavu bila hata ndimu. Kachumbari mbichi inasaidia, ndimu ya kukamulia juu ya kunde inasaidia, embe bichi la pilipili na chumvi nalo lina C ya kutosha, papai pia. Ila kumbuka vitamini C ni Tanga kabisa, waja leo waondoka leo, kazi yake ya kufungulia chuma mlango inafanyika tumboni pamoja na chakula chenyewe, na moto mkali unaiua, kwaiyo chungwa la jana haliisaidii mbaazi ya leo, inatakiwa iwepo mlo uleule.

Mwanamke anayepata hedhi anahitaji kama miligramu 18 za chuma kwa siku wakati mwanaume ni 8, na wataalamu wa Marekani walishashauri kwamba asiyekula nyama azidishe mara 1.8 kwasababu ya hiyo hodi niliyosema. Kwaiyo shoga yangu kama hedhi yako ni nzito wala usijiaminishe na rangi ya kucha, kapime damu, ni kipimo cha kawaida kabisa.

Kingine kinachofunga mlango ni faiteti, hichi kitu kipo kwenye maharage na nafaka zisizokobolewa, kinang'ang'ania chuma na zinki. Watu wakisikia hivo wanaogopa dona, na hapo wanakosea, maana dawa yake bibi zetu walikua nayo. Loweka. Maharage, kunde, mbaazi, choroko, loweka usiku kucha, mwaga yale maji, pika na maji mapya. Ukiweza ziache choroko zichipue kidogo ndio bora zaidi. Uji ukichachushwa, togwa, kimea, vyote hivo vinavunja faiteti na zinki inaachiwa. Unaona, haikua ushamba ile.

Alafu kuna magadi. Hapa najua ntagombana na watu. Tunapenda kutia magadi kwenye makande, maharage na kisamvu vilainike haraka na kuni zipungue, na nawaelewa, gesi ghali, mkaa usiseme. Ila magadi yanaharibu vitamini B1, ileile ya kuku wa Java, na vitamini C nayo inaondoka. Yaani umenunua dona na maharage ili upate B1 alafu ukaiua mwenyewe kwenye sufuria. Maharage yaliyolala kwenye maji usiku mzima yanaiva bila magadi, jaribu mara mbili utanielewa. Na kisamvu kisikukimbize, kile kina sumu ya sianidi kikiwa kibichi, lazima kitwangwe vizuri na kichemke muda mrefu sufuria ikiwa wazi, hiyo haina njia ya mkato wala usije ukasaga na blenda ukanywa kama juisi kwasababu umeona mtu kwenye simu anafanya hivo na majani mengine.

Sasa B12. Hapa shangazi alipatia, na hapa sitanii wala sitafuti kupendwa.

Hii vitamini haitengenezwi na mmea wowote wala na mnyama yeyote, inatengenezwa na bakteria. Ng'ombe anao tumboni kwake ndio maana nyama na maziwa yanayo, samaki anaipata kwenye vile anavyokula. Sisi tunao bakteria wa hivo kwenye utumbo mpana lakini B12 inanyonywa juu yake, mwishoni mwa utumbo mwembamba, kwaiyo wanaitengeneza mahali ambapo lori limeshapita. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, hata chembe ya chumvi ni kubwa kuliko hiyo, ila usipoipata kabisa ni balaa, ganzi na kuchomachoma miguuni na mikononi, uchovu, kusahau, damu kushuka, na mishipa ya fahamu ikishaumia muda mrefu huenda isirudi kama zamani.

Kinachowadanganya watu ni kwamba haiji leo. Nilisema vitamini C ni waja leo waondoka leo, B12 yenyewe ni ile ya kuondoka majaaliwa, ikishaingia ini linaihifadhi na akiba inaweza kukaa miaka. Kwaiyo mtu anaacha nyama, mwaka wa kwanza anajisikia mwepesi, ngozi inang'aa, anaanza kuwahubiria wenzake kwamba B12 ni hadithi za wauza dawa, kumbe anakula akiba. Mwaka wa tatu wa nne ndio anaanza kusema viatu vinambana wakati ni ganzi. Na kuna mtego mwingine, foleti, vitamini nyingine ya kundi la B. Sisi tunaokula mboga za majani na maharage tuna foleti nyingi, na foleti inaweza kuifanya damu ionekane iko sawa kwenye kipimo huku mishipa inaendelea kuharibika chinichini. Kwaiyo kupima wingi wa damu peke yake hakutoshi kukuambia B12 yako ikoje.

Zamani ugonjwa wa damu unaotokana na kukosa hii kitu ulikua unaua. Mwaka 1926 madaktari wa Marekani George Minot na William Murphy wakaonyesha kwamba wagonjwa wakilishwa maini mengi kila siku wanapona, na mwaka 1934 wao pamoja na George Whipple wakapata Nobel. Maini kila siku, tena mengi, fikiria. Sisi leo tuna kidonge kidogo na bado tunalalamika.

Na naomba nijibu yale yanayosambazwa. Mwani? Hapana. Najua kina mama wa Mkinga wanalima mwani na nawaheshimu, ila sio wa kutegemea kwa B12. Spirulina, ule unga wa kijani unaouzwa kama kirutubisho? Nayo hapana, ile iliyomo nyingi ni ya bandia, inafanana na B12 lakini mwili hauwezi kuitumia. Togwa, mnazi, mboga zisizooshwa ati udongo una bakteria? Utapata kuhara kabla hujapata B12. Unga wa ngano wa viwandani hapa Tanzania kwa utaratibu wa kuongeza virutubisho unatakiwa utiwe B12 pamoja na chuma, zinki na foleti, hiyo inasaidia, ila ukitaka kuitegemea itabidi uishi kwa mikate na chapati nyeupe, na hapo tumerudi kwenye kukoboa. Jibu ni kidonge. Wengi wanaoshauri mambo haya wanasema mikrogramu 50 kila siku au 2,000 mara moja kwa wiki, inaonekana nyingi kuliko ile 2.4 kwasababu kwa mkupuo mmoja mwili unaweza kubeba kama mbili tu kwa njia ya kawaida, zinazobaki zinapenya kidogokidogo kama asilimia moja. Soma kopo vizuri, sio kila B-kompleksi ina B12 ya kutosha. Na hii sio ya wala mimea tu, mwenye sukari anayetumia metformini miaka mingi, mwenye vidonda vya tumbo anayemeza dawa za kupunguza asidi kila siku, na mzee yeyote, wote hawa B12 inaweza kuwashuka hata kama wanakula ng'ombe mzima.

Yaliyobaki ntayapitia kwa haraka. Madini joto: mtu anadhani kwasababu tuko baharini basi tunayo, hapana, ukiacha samaki umeacha chanzo chako kikubwa, na chumvi ya mawe inayotolewa mashambani huku pwani ikauzwa kwa kisado mara nyingi haijatiwa madini joto. Nunua ile ya pakiti iliyoandikwa. Kama unakula muhogo mwingi ndio usifanye mzaha kabisa, maana mabaki ya ile sianidi yanaizuia tezi ya shingo kuchukua madini joto.

Kalisiamu: shangazi na mifupa yake. Mchicha unasifiwa sana lakini una oksaleti inayoifungia kalisiamu ndani, mwili unaambulia kidogo. Sukuma wiki na kabichi ya Lushoto zinaachia vizuri zaidi. Alafu kuna ulezi, gramu 100 zina zaidi ya miligramu 300 za kalisiamu, nafaka nyingine hazisogei hata karibu, kwaiyo uji wa ulezi sio chakula cha mzazi na mgonjwa peke yao. Ufuta nao tia, hata kijiko juu ya mboga.

Vitamini A ni karoti, boga, embe, papai, viazi lishe vya rangi ya chungwa na majani ya kijani, ila inahitaji mafuta kidogo ili ipite. Hapo ndipo tui la nazi linapoingia na hapo ndipo wenye msimamo mkali wa mimea mizima wananiona msaliti. Ni kweli nazi ina mafuta yale ya kuganda na mwenye kolestro ajiangalie, kwaiyo mimi siku nyingi mchicha naunga kwa karanga zilizotwangwa, tui linabaki la barazi. Kuacha tui kabisa siwezi, nimezaliwa Ngamiani mimi.

Ila karanga chagua kwa macho yako. Zilizokunjamana, zenye ukungu au chungu tupa, usione hasara, sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, haionekani na haiondoki kwa kukaanga. Mahindi hivohivo, mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu, na anayekula dona na karanga kila siku ndio anatakiwa awe mkali kuliko wote kwenye kukagua.

Omega 3, yale mafuta yanayosifiwa kwenye samaki, ile ya mimea iko kwenye chia, mbegu za kitani na kidogo kwenye soya, mwili unatakiwa uigeuze iwe kama ile ya samaki na haugeuzi sana. Chekesho ni kwamba samaki naye haitengenezi hasa, anaipata kutoka vijimea vidogo vya baharini, na siku hizi kuna mafuta yanayotolewa kwenye hivohivo vijimea ila bei yake utarudisha kopo kaunta. Vitamini D ni jua, na jua la Tanga unalijua, ila kama unashinda ofisini au unatoka umejifunika mwili mzima tafuta hata ua wa nyumbani ukae kidogo.

Watoto nimewaweka mwisho kwasababu ndio wanaonitia hofu. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo na chakula cha mimea kina ujazo mkubwa, anashiba kabla hajapata nguvu anayoihitaji. Uji mwepesi wa maji sio chakula. Mtie karanga zilizosagwa laini au parachichi, na kuna ujanja wa kimea, unga kidogo wa nafaka iliyochipuzwa na kukaushwa ukiutia kwenye uji mzito uliopoa kiasi, uji unalainika wenyewe, kwaiyo mtoto anakunywa uji wenye unga mwingi bila kukabwa. Mjamzito na anayenyonyesha asithubutu bila B12, mama akiwa hana B12, maziwa yake nayo hayana, na kichanga hana akiba kama mtu mzima, ubongo wake unaumia haraka. Hapo sio pa kujaribu na kuona, hapo ni kliniki na kusema wazi kwamba mimi sili nyama wala maziwa, hata kama nesi atakushangaa kama shangazi alivyonishangaa.

Yeye nilimtembelea mwezi uliopita. Nilimkuta na birika lake, kabla sijakaa akaniambia chai sasa anakunywa saa nne badala ya saa moja, sio kwasababu yangu ati, ni kwasababu kliniki walimwambia damu iko chini. Samaki bado anakula. Alinifungia machungwa nusu gunia nirudi nayo mjini, na vidonge vyangu vya B12 akaomba avione, akavigeuzageuza mkononi akasema, "Haka tu?"